Nani huamua ni dai gani lichunguzwe, na dai huthibitishwaje?

Mdadisi

Salaam kwenu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia kurasa za wahakiki wa taarifa, na kila ninapomaliza kusoma uchunguzi wao hubaki na swali ambalo uchunguzi wenyewe haulijibu. Mwanasiasa akihutubia kwa saa nzima hutaja idadi, tarehe na matukio tele, lakini kesho yake wahakiki huchapisha uchunguzi wa kauli mbili tu. Hizo mbili zilichaguliwa na nani, na kwa kigezo gani? Na zile zilizoachwa, ziliachwa kwa sababu ni za kweli, kwa sababu hazina uzito, au kwa sababu yupo mtu ambaye hakutaka ziguswe?

Swali langu la pili linahusu uthibitishaji wenyewe. Naona maneno kama "uongo", "inapotosha" na "haina ushahidi" yakitumika kana kwamba mipaka yake inajulikana na kila mtu, ilhali kwa mtazamo wangu kauli ya uongo na kauli inayopotosha zinaweza kumfikisha msikilizaji mahali pamoja. Ningependa kujua mhakiki hufanya nini hasa, kuanzia anapokutana na dai hadi anapoandika neno hilo moja juu ya ukurasa, na ni wakati gani huona kwamba ushahidi alionao umetosha.

Siulizi ili kubeza kazi yao. Ninao marafiki wa vyama tofauti ambao huniambia, kila mmoja kwa uhakika uleule, kwamba wahakiki wanamwonea mtu wake, nami sina jibu la kuwapa.

Mhariri Mstaafu

Ndugu Mdadisi, niliwahi kushika dawati la uhakiki, na kwa maoni yangu umegusa mahali penyewe. Uthibitishaji msomaji anaweza kuukagua, kwa kuwa vyanzo huwekwa wazi na yeyote anaweza kuvifungua. Uchaguzi haukaguliki kwa urahisi huo, kwa sababu kilichoachwa hakichapishwi.

Mchujo wa kwanza ni kama dai lenyewe linathibitishika. "Viongozi hawa hawatupendi" ni maoni. "Mwaka ujao bei zitashuka" ni utabiri. "Tutajenga barabara" ni ahadi. Hakuna kati ya hizo inayoweza kuitwa kweli au uongo siku inapotamkwa, ingawa ahadi huweza kufuatiliwa baadaye ili kuona kama ilitekelezwa. "Bei zimeshuka tangu tulipoingia madarakani" ni jambo jingine, maana ndani yake mna kitu cha kupima, na mahali pa kuanzia kupima pametajwa. Kauli nyingi za majukwaani huchanganya hayo yote katika sentensi moja, na kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuichambua na kukitoa kile kiini kinachopimika bila kumsingizia msemaji jambo ambalo hakulisema. Ugomvi mwingi huanzia hapa: msemaji hulalamika kwamba kilichohakikiwa sicho alichokisema, na mara nyingine huwa na haki.

Baada ya hapo huja uzito. PolitiFact, tovuti ya uhakiki iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 2007, imeyaweka hadharani maswali yake ya kuchagulia: je, kauli imejengwa juu ya jambo linaloweza kuthibitishwa; je, inapotosha au inasikika kama inayopotosha; je, ina umuhimu, au ni ulimi tu ulioteleza; je, inaelekea kurudiwa na wengine; na je, mtu wa kawaida akiisikia atajiuliza kama ni kweli? Swali la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu zaidi katika vikao nilivyohudhuria. Wahariri hupenda kauli za ajabu ajabu, lakini msomaji hajiulizi chochote kuhusu jambo ambalo hakuna anayeliamini. Anajiuliza kuhusu lile ambalo jirani yake ameliamini.

Madhara huweza kuliruhusu dai lipite mbele ya foleni. Ujumbe unaowaambia wagonjwa waache dawa zao utachunguzwa kabla ya kauli ya waziri kuhusu idadi ya madarasa, hata kama waziri ni mashuhuri na aliyeandika ujumbe hajulikani. Hata hivyo, ujumbe wa namna hiyo una mtego wake. Ukiwa umewafikia watu wachache, kuukanusha hadharani ni kuwapelekea wengi ambao wasingeusikia kamwe. Shirika la First Draft, lililofanya kazi kuanzia mwaka 2015 hadi 2022, lilisisitiza sana kwamba mhakiki asichapishe mapema mno wala asichelewe mno: asubiri mpaka dai livuke kundi lililolizusha, lakini asisubiri hadi limekwisha kuzoeleka. Ni rahisi kulisema hilo, lakini katika makundi ya WhatsApp, ambako mtu wa nje haoni ujumbe umesambazwa mara ngapi, mhakiki hubaki kuhesabu ni wasomaji wangapi wamemletea ujumbe uleule wakiomba uchunguzwe.

Sababu nyingine ya kuachwa kwa dai ni ya kawaida mno, na huenda ikawasikitisha rafiki zako: data hazipo. Dai linaweza kuwa na uzito na likawa limesambaa, lakini utafiti wa mwisho kuhusu jambo hilo ukawa ulifanyika miaka mingi iliyopita, au ofisi yenye takwimu ikawa haijibu barua. Dai la namna hiyo huachwa, au huandikiwa maelezo ya kwamba halina ushahidi wa kulithibitisha wala kulikanusha. Madai mengi niliyoona yakitupwa yalitupwa kwa sababu hiyo, na sikumbuki hata moja lililotupwa kwa amri ya mtu kutoka juu, ingawa siwezi kuzisemea ofisi zote.

Mtakwimu

Naomba nijibu sehemu ya maneno "uongo" na "inapotosha", na nitatumia mfano mmoja kwa kirefu badala ya kutoa maana za kamusi.

Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya kura ya maoni kuhusu Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, upande wa kujitoa uliandika ubavuni mwa basi lake kwamba nchi hiyo inapeleka pauni milioni 350 kila wiki kwa Umoja huo, na kwamba fedha hizo afadhali zipelekwe katika huduma ya afya ya taifa. Mhakiki hapaswi kuanza kwa kuuliza kama kiasi hicho ni kikubwa au kidogo. Anauliza kimetoka wapi. Katika mwaka 2015 mchango wa Uingereza ulikokotolewa kuwa takriban pauni bilioni 17.8, na ukigawanya kwa wiki 52 unapata milioni 342. Kwa hiyo tarakimu haikuzuliwa. Ipo katika vitabu.

Tatizo liko katika kitenzi "inapeleka". Tangu makubaliano ya mwaka 1984, Uingereza ilikuwa ikipewa punguzo, na punguzo hilo, ambalo kwa mwaka 2015 lilikuwa karibu bilioni 4.9, lilikatwa kabla fedha hazijaondoka. Hazikwenda na kurudi, hazikwenda kabisa. Kilichopelekwa kilikuwa kama bilioni 12.9, yaani takriban milioni 250 kwa wiki. Halafu kuna fedha ambazo Umoja huo ulizitumia ndani ya Uingereza kupitia taasisi za umma, kwa wakulima na kwa maeneo maskini, zilizokadiriwa kuwa bilioni 4.5, ukiziondoa nazo, unabaki na takriban milioni 160 kwa wiki. Mhakiki makini hatachanganya hatua hizi mbili. Punguzo linalifanya neno "inapeleka" kuwa si sahihi. Fedha zilizorudi hazilifanyi kuwa si sahihi, kwa kuwa zilipelekwa kweli. Zinachobomoa ni ile nusu ya pili ya maandishi, inayodokeza kwamba kiasi chote kingekuwa huru kupelekwa hospitalini.

Kwa hiyo ndani ya sentensi mbili za ubavuni mwa basi mna tarakimu yenye asili halali, kitenzi kisicho sahihi, na dokezo lisilofuata kutoka kwenye tarakimu. Ukiandika "uongo" tu, mtetezi wake atakuonyesha jedwali lenye 17.8 na wasikilizaji watamwamini yeye. Ukiandika "inapotosha" na kueleza ni neno gani linalopotosha na kwa kiasi gani, hana pa kushika. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ililalamikia tarakimu hiyo wakati wa kampeni, na mwezi Septemba 2017, Boris Johnson alipoirudia akiwa waziri wa mambo ya nje, mwenyekiti wa Mamlaka hiyo alimwandikia barua ya wazi akisema kuwa huko ni kuzitumia vibaya takwimu rasmi. Hakusema kwamba tarakimu ilitungwa.

Kuhusu ushahidi kutosha, katika madai ya idadi mimi huangalia mambo machache tu: chanzo kilichohesabu chenyewe na si gazeti lililokinukuu, maana ya kile kilichohesabiwa, kwa sababu "mtu asiye na ajira" katika takwimu rasmi huwa ni yule anayetafuta kazi na si kila asiyefanya kazi, mwaka wa kuanzia kulinganisha, maana anayechagua mwaka mbaya wa kuanzia atapata maendeleo hata kama hayapo, na kigawanyo, yaani asilimia ya nini. Madai mengi ya wanasiasa kuhusu idadi huanguka katika mwaka wa kuanzia na kigawanyo. Tarakimu ya kutunga kabisa ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Siridhiki Upesi

Nimesoma kwa makini na bado naona mmekwepa shtaka la marafiki wa Mdadisi. Hata kama kila uchunguzi mmoja mmoja umefanywa kwa uadilifu, mwenye kuchagua ndiye mwenye kuamua picha ya mwisho. Nikichunguza kauli kumi za chama kimoja zenye mashaka na kauli mbili za chama kingine, kila uamuzi wangu unaweza kuwa sahihi na bado nikawa nimempotosha msomaji kuhusu nani ni mwongo zaidi. Na si nadharia tupu: mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala iliyochapishwa mwaka 2018, alilinganisha kazi za PolitiFact na za safu ya uhakiki ya gazeti la Washington Post, akakuta kwamba ni mara chache kwa hao wawili kuhakiki kauli ileile. Walipokutana, walikubaliana vizuri kwenye kauli zilizo uongo mtupu au ukweli mtupu, lakini katikati, kwenye zile za "nusu kweli" na "uongo kwa sehemu kubwa", makubaliano yalipungua sana. Kama kazi hii ni ya kisayansi, mbona vipimo viwili vinatoa majibu mawili?

Pia naomba jibu kuhusu fedha. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo.

Mtakwimu

Siridhiki Upesi, kuhusu idadi za hukumu nakubaliana nawe moja kwa moja, na ningependa wasomaji wote walishike hili: jedwali linaloonyesha kwamba mwanasiasa fulani ana asilimia fulani ya kauli za uongo halipimi uongo wake. Kauli zilizomo ndani yake zilichaguliwa kwa sababu zilitia shaka, si kwa kuchotwa bila upendeleo kutoka katika yote aliyoyasema. Tovuti ya FactCheck.org, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huieleza njia yake bila kificho: ikikuta kauli ni sahihi, kwa kawaida husonga mbele bila kuiandikia. Unapojua hivyo, huwezi tena kuchukua machapisho yao na kutafuta asilimia. PolitiFact nao, wanaochapisha kumbukumbu za hukumu kwa kila mwanasiasa, husema kwamba kumbukumbu hizo si sampuli ya kitakwimu. Kosa liko kwa wanaozichora grafu na kuzisambaza wakati wa uchaguzi.

Kuhusu vipimo viwili kutofautiana katikati, hilo ndilo ningelitarajia. Kati ya "nusu kweli" na "uongo kwa sehemu kubwa" hakuna mpaka unaoonekana. Kuna uzito ambao mtu ameupa kila kipande cha kauli. Ndiyo maana baadhi ya mashirika hayatoi alama kabisa na huandika hitimisho kwa sentensi, na mimi nawaunga mkono. Alama humfaa msomaji mwenye haraka na humharibia msomaji mwenye swali.

Mhariri Mstaafu

Naongezea machache, kwa kuwa Siridhiki Upesi ameuliza kwa haki.

Kwanza, mzigo wa ushahidi humwelemea aliyesema. Mhakiki humwandikia msemaji au ofisi yake na kumuuliza: ulikitoa wapi hiki? Swali hilo hufanya kazi kubwa kuliko programu yoyote. Mara nyingine jibu huja na ripoti ambayo mhakiki hakuijua, na dai lililoonekana la ajabu likathibitika. Mara nyingine huja ukurasa wa gazeti ambao, ukiufuata hadi mwisho, unarudi kwenye hotuba ya msemaji yuleyule. Asipojibu, ukimya wake unatajwa lakini hauwi ushahidi. Hili nalisisitiza kwa kuwa vijana wanaoanza kazi hupenda kuhesabu ukimya kama kukiri.

Pili, mwenye kuchunguza hapaswi kuwa ndiye mwenye kuhukumu peke yake. Katika PolitiFact mwandishi hupendekeza alama, kisha wahariri watatu hujadili na kupiga kura. Hilo haliondoi upendeleo ambao wote watatu wanao, lakini linaondoa ule wa mmoja wao.

Tatu, ufadhili. Mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN, ulioanzishwa mwaka 2015 katika taasisi ya Poynter huko Florida, una kanuni za mwaka 2016 zinazomtaka kila mwanachama asifungamane na chama, aweke wazi vyanzo vyake, wafadhili wake na njia yake ya kazi, na asahihishe makosa yake hadharani. Mwombaji hukaguliwa na mtu wa nje kabla ya kukubaliwa. Kanuni hizo hazizuii pesa kuelekeza uchaguzi, na mfano mzuri ni mpango ambao Facebook ilianza mwezi Desemba 2016 wa kuyatumia mashirika ya uhakiki, ambayo baadaye ilianza kuyalipa, ili yachunguze machapisho ya watumiaji. Sera ya kampuni iliweka kando kauli za wanasiasa wenyewe. Hakuna aliyemwamuru mhakiki aache kuwachunguza wanasiasa, na aliweza kuwachunguza katika tovuti yake apendavyo. Lakini mshahara wa dawati ulipotegemea machapisho ya mtandaoni, muda wa dawati nao ulielekea huko. Kwa hiyo, Siridhiki Upesi, mwimbaji hakuchaguliwa wimbo, ila alilipwa kwa baadhi ya nyimbo tu. Mwezi Januari 2025 Meta, kampuni inayoimiliki Facebook, ilitangaza kuuondoa mpango huo nchini Marekani na kuelekea kwenye maelezo yanayoandikwa na watumiaji, kwa mfano wa yale ya mtandao wa X, ambamo maelezo huonyeshwa pale tu watu ambao kwa kawaida hawakubaliani wanapoyaona kuwa ya msaada. Njia hiyo ina faida yake, lakini nayo ni mchujo wa uchaguzi: jambo ambalo pande mbili zimeng'ang'ania kila moja lake halipati maelezo kabisa, hata liwe la uongo kiasi gani.

Mdadisi

Nawashukuru wote. Mfano wa basi umenifungua macho kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Lakini mmezungumzia kauli na takwimu, na sehemu kubwa ya ninayoletewa kwenye simu ni picha na video zisizo na msemaji. Hapo hakuna wa kuulizwa "ulikitoa wapi". Mnaanzia wapi?

Jicho la Kamera

Ndugu Mdadisi, tunaanzia palepale: kumtafuta wa kwanza. Picha isiyo na msemaji ina mpigaji, na kazi yote ya awali ni kupunguza umbali kati ya nakala uliyoletewa na nakala aliyoipakia yeye. Unaitafuta picha mtandaoni kwa kuitumia picha yenyewe, huduma ambayo TinEye imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2008 na ambayo sasa hutolewa na injini kubwa za utafutaji. Na kwa video unakata fremu chache, yaani picha tulivu zilizomo ndani yake, na kuzitafuta moja moja. Ikiwa picha ya "jana" imekwisha kuonekana mtandaoni miaka mitatu iliyopita, kazi imeisha ndani ya dakika. Picha nyingi za uzushi ni za namna hiyo: picha halisi, tukio halisi, maelezo ya kuazima.

Mfano niupendao ni wa papa. Kuna picha inayoonekana kupigwa kutoka dirishani mwa gari, ikimwonyesha papa akiogelea katika barabara iliyofurika. Mwaka 2011 ilisambaa kama picha ya Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, na mwaka 2017 ikasambaa tena kama ya Houston wakati wa kimbunga Harvey. Papa mwenyewe alikatwa kutoka katika picha iliyochapishwa mwaka 2005, ambamo alikuwa akimfuata mtu aliyekuwa katika mtumbwi kwenye bahari ya Afrika Kusini. Wahakiki waliikanusha mara nyingi hata ikawa mzaha wao. Kisha mwaka 2022, wakati wa kimbunga Ian, ikatokea video ya kiumbe mwenye mapezi akipigapiga maji katika uwanja wa nyumba uliofurika mjini Fort Myers, Florida, na wengi wakacheka kwamba papa wa barabarani amerudi. Shirika la habari la Associated Press halikucheka wala halikuamini. Lilimpata aliyeirekodi, na taarifa za muda zilizobebwa ndani ya faili halisi zikaonyesha kwamba ilirekodiwa asubuhi ya siku yenyewe ya kimbunga. Video ilikuwa ya kweli. Na hata hapo uamuzi haukuvuka ushahidi: wataalamu wa samaki walipoulizwa, mmoja alisema anaelekea kuwa papa mchanga na mwingine akasema ni vigumu kutambua, nayo ikaandikwa hivyo hivyo.

Nimechagua mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba historia ya dai si hukumu ya dai. Uzushi uliorudi mara nyingi hukupa shaka ya haki, lakini video mpya inastahili uchunguzi mpya.

Kama asili haipatikani, tunarudi kwenye yaliyomo ndani ya picha: maandishi ya mabango, umbo la milima, vituo vya mabasi, namba za magari, kisha tunalinganisha na picha za setilaiti. Urefu na mwelekeo wa vivuli hukueleza saa kwa makadirio, ukishajua mahali na tarehe. Hali ya hewa ya siku hiyo huangaliwa pia; mvua katika video ya mji ambao haukupata mvua hiyo siku ni jambo la kuuliza. Na wakati wote unahifadhi nakala ya chapisho, pamoja na anwani na saa, kwa sababu mzushi akiona anafuatiliwa hufuta.

Kuhusu picha zinazotengenezwa na akili bandia, watu hutamani programu moja itakayosema ndiyo au hapana. Programu za utambuzi zipo, ila matokeo yake ni dokezo tu, maana hukosea kwa pande zote mbili, hasa picha ikishapunguzwa ubora kwa kutumwa mara nyingi. Tarehe 22 Mei 2023 ilisambaa picha ya moshi mkubwa karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, na soko la hisa la Marekani likatikisika kwa dakika chache. Walioichunguza waliona kwamba uzio uliyeyukia kwenye vizuizi vilivyo mbele yake na kwamba jengo halikufanana na jengo halisi. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa nje ya picha: mlipuko mahali palipojaa watu na kamera kiasi hicho ungerekodiwa na watu wengi kutoka pande nyingi, na hapakuwa na picha ya pili. Idara ya zimamoto ya eneo hilo ikathibitisha kwamba hakuna kilicholipuka. Picha moja peke yake ya tukio kubwa hadharani ni ishara ambayo haihitaji programu.

Mkutubi

Nimefurahia mjadala huu, na ninaongeza jambo moja tu kwa ajili ya wasiokuwa na dawati. Watafiti wa Stanford waliwahi kuwaketisha mbele ya kompyuta makundi matatu, yaani wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa kitaaluma, wakawapa tovuti za kutathmini. Katika zoezi moja walilinganisha kurasa za mashirika mawili ya Marekani ya madaktari wa watoto yenye majina yanayokaribiana. Moja lilianzishwa mwaka 1930 na lina makumi ya maelfu ya wanachama. Jingine ni kundi dogo lililojitenga mwaka 2002 kwa sababu ya msimamo kuhusu wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Wanafunzi wengi waliliona kundi dogo kuwa ndilo la kuaminika, na hata baadhi ya wanahistoria walisitasita, kwa sababu walibaki kwenye ukurasa wakisoma kwa makini, wakiangalia nembo, marejeo na mpangilio wa maandishi. Wahakiki waliondoka kwenye ukurasa karibu mara tu walipofika, wakafungua madirisha mengine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu shirika hilo, kisha ndipo wakarudi kuusoma.

Kwa hiyo, ndugu Mdadisi, ukiletewa ujumbe kesho, usianze kwa kuusoma mara ya pili. Nakili jina la shirika au la mtu aliyetajwa, litafute pembeni, na angalia kwanza waliomwandika bila yeye kuwaomba.

Siridhiki Upesi

Nimepokea maelezo ya Mtakwimu kuhusu majedwali, na hilo la Facebook sikulijua. Bado nasisitiza kwamba mashirika ya uhakiki yangechapisha, walau mara moja kwa mwaka, orodha ya madai yaliyofikishwa mezani na kuachwa, pamoja na sababu fupi kwa kila moja. Kama yaliachwa kwa kukosa data, basi na tuone ni data zipi na ni ofisi zipi zisizojibu.

Mhariri Mstaafu

Naliunga mkono. Daftari la madai yaliyoachwa lilikuwepo katika dawati letu, na kila ingizo lilikuwa na sababu yake pembeni. Kikwazo ninachokiona ni kile cha kusambaza: madai yaliyoachwa kwa kuwa hayajasambaa hayapaswi kuchapishwa katika orodha itakayoyasambaza. Hayo yangeweza kutajwa kwa idadi tu, na mengine yote yakaandikwa kwa maneno yake.